Punje Ulizotuletea na Mbegu ya Mama

Duka la Mbegu,
Nyuma ya karakana ya magitaa.
Tarehe 9 Aprili.

Mpendwa Kitinda,

Kwanza pokea marahaba yangu, ingawa shikamoo yako bado iko njiani tangu mwaka jana. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unalala dirisha wazi kama ulivyozoea tangu utotoni? Wifi yangu mzima? Na mtoto je? Nasikia ameanza kuota meno na analia hadi alfajiri. Vizuri sana. Sasa utajua tulichokipata kwako.

Sisi huku tu wazima, kama uzima ni kusimama kwa miguu. Goti la Mama linamsumbua kila mvua zikianza, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote. Mjomba amestaafu kupaka rangi nyumba za watu, sasa anatupaka sisi maneno kutwa. Binti yangu anakusalimu. Amenipita bega, na viatu vyangu vyote vinambana, jambo ambalo peke yake limenipa amani mwaka huu.

Mimi mwenyewe siumwi. Nimekasirika tu. Nimekasirika vibaya, nimekukasirikia wewe, halafu Mama, halafu Mjomba, halafu nazunguka narudi kwako. Nimeanza na salamu kwa sababu tulilelewa.

Najua unajiuliza mbona naandika barua wakati simu ipo. Simu ipo, ndiyo, mfukoni mwa Mama. Kila Jumapili ukipiga anaiweka sauti kubwa duka zima lisikie, na mimi nikifungua mdomo tu unacheka, "Dada na wewe kwa kulalamika!" halafu unaniuliza mvua inaendeleaje. Barua huwezi kuikatiza. Keti hapo ulipo, soma mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni zile punje zako za silika.

Magunia yako matatu yalifika salama. Wewe ulimwambia Mama ni kitu kilekile kinachokaa kwenye vifuko vidogo ndani ya maboksi ya viatu, vile vilivyoandikwa usile, na kwamba hapo ghalani kwenu mnavipakia kwenye kila kitu kisichotaka unyevu. Mama alifurahi mpaka akasahau goti. Kila aliyeingia dukani, hata aliyekuja kuuliza njia, aliletewa punje kwenye kiganja azione. "Mwanangu kaniletea, za kutunzia mbegu yangu." Nami nilifurahi, usidhani nina roho mbaya. Kwa miaka yote tumetunza mbegu kwa majivu na mchele uliokaangwa, na kila mvua tunapoteza kidogo. Nikasema, Kitinda leo kafikiria jambo la maana.

Halafu nikafungua magunia. Gunia moja lina punje ndogo zinazong'aa, ukiishika moja unaona mwanga unapita kama kwenye kioo, ngumu kama changarawe. La pili zina weupe wa maziwa, kubwa kidogo, nyepesi mkononi. La tatu za buluu. Hakuna jina, hakuna karatasi, hakuna hata alama ya mkaa juu ya gunia. Nikakuuliza kwenye simu, hizi tofauti yake ni nini? Ukanijibu, "Ah, Dada, zote ni zilezile, rangi tu." Zote ni zilezile! Mtu anayefanya kazi ndani ya ghala lenye vitu hivyo! Ningekuwa karibu ningekufinya.

Sasa ngoja nikukumbushe mbegu yenyewe, maana naona umeisahau. Kile kitunguu cha zambarau hakikuanguka kutoka mbinguni. Mama alikuwa kila mavuno anatenga vitunguu juu ya kichanja, anasubiri. Vinavyooza, anatupa. Vinavyochipua kabla ya wakati, tunakula. Vile vinavyobaki vigumu mpaka mwisho kabisa, ndivyo anavyopanda kwa ajili ya mbegu. Amefanya hivyo tangu wewe uko mgongoni. Leo wakulima wa bondeni hawataki kingine, kwa sababu kitunguu hicho kinakaa stoo bila kuharibika mpaka bei ipande. Na mbegu ya kitunguu haina subira. Mahindi unaweza kuyasahau kwenye kopo ukayakuta yanakusubiri. Kitunguu ukikiwekea joto na unyevu pamoja kinakufa kimyakimya, na kwa macho hutaona tofauti yoyote, nyeusi ni ileile.

Basi hiyo ndiyo tuliyoichezea.

Aliyeanza ni Mjomba. Alisema haiwezekani tuwe na aina tatu bila kujua bingwa ni nani. Akaenda kwa sonara akaazima ile mizani yake ndogo, akapima uzito sawa wa kila aina, akaziweka kwenye visahani vitatu juu ya kabati la jikoni. Sufuria zinachemka, mvua inanyesha nje, nguo zimeanikwa ndani. Kila asubuhi Mjomba anapanda kwenye kiti anapima, anashuka anatangaza matokeo kama mtangazaji wa mpira. Mwanzoni za kioo zilitangulia. Binti yangu akazishangilia. Baadaye zikasimama, hazisogei tena. Zile za maziwa zikaendelea kunywa, na kunywa, na kunywa, mpaka uzito ulioongezeka ukakaribia kuzidi nusu ya ule wa mwanzo, ilhali za kioo hazikufika hata theluthi. Za buluu zilienda sawasawa na za kioo, ila zikageuka waridi, jambo lililomfurahisha Mama kuliko mizani yote.

Jumapili ukapiga. Mama akakusomea matokeo. Na wewe, bila kufikiri hata kidogo, bila kumuuliza mtu yeyote hapo kazini, ukasema maneno ambayo nimeyakariri kwa uchungu: "Sasa Mama, si umeona mwenyewe? Inayokunywa sana ndiyo hiyohiyo. Weka hiyo." Ukakata simu ukaenda zako kula.

Mama akamwaga majivu. Akamwaga mchele. Akajaza punje za maziwa kwenye madumu yote ya mbegu, yale ya mdomo mpana, akafunga mifuniko kwa mpira wa baiskeli. Na kabla ya kuzijaza, kwa kuwa zilikaa gunia wazi na alitaka "kuziamsha," alizianika. Ndiyo, Kitinda. Mvua ilipotulia siku moja alizitandaza kwenye mkeka uani, akazigeuza kwa mkono kama anavyogeuza mbegu, juani, hewa yenyewe imelowa unaweza kuikamua. Kitu ambacho kazi yake duniani ni kunywa unyevu wa hewa, unakianika hewani kikauke! Nilimwambia. Aliniambia nimpishe, namzibia jua.

Mimi nina kichwa kigumu, na safari hii nashukuru. Mama aliponigawia sehemu yangu ya mbegu ya mavuno yaleyale na kuniambia nitie za maziwa, niliitia kwenye kopo langu na punje za kioo. Sababu yangu ilikuwa ndogo tu. Niliona zile za maziwa zikinywa kwa fujo pale jikoni, lakini siku mwoka mikate alipoturuhusu kuweka visahani karibu na joko lake, ambako hewa ni kavu kwa moto, zikapungua uzito zenyewe, bila kuguswa. Nikasema, ala, hizi zinakunywa na kutapika! Mjomba akaniambia nina wivu na gunia.

Miezi ikapita. Siku moja Mama alikuwa kwa daktari wa goti, funguo za stoo akaziacha. Nikafungua dumu moja, nikatoa mbegu chache nikazing'ata. Unajua mbegu kavu inavyovunjika kwenye jino, ka! Hii haikuvunjika. Ilikuwa kama kipande cha ngozi ya kiatu. Nikang'ata ya kwenye kopo langu, ikavunjika vizuri. Nikakaa chini kwenye saruji.

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa magitaa, yule tunayemwita Nyuzi. Ana kisaa kidogo cha kupimia unyevu wa hewa, anakiweka pale anapotunza mbao zake zisipinde. Alinipa kwa masharti mengi kuliko mtu anayeozesha binti. Nikakitia ndani ya dumu lenye za maziwa, nikafunga. Mshale ulishuka kidogo tu kuliko wa hewa ya nje, ukasimama katikati, hautaki kwenda mbele. Mchana bati la stoo lilipopata joto, ukapanda tena. Nikakihamishia kwenye kopo langu. Mshale ulishuka, ukashuka, mpaka nikadhani nimekiharibu. Nyuzi alipokuja kukichukua alikigonga kwa ukucha, akaniambia hajawahi kukiona chini namna ile.

Nimekaa na hizi punje mpaka najua tabia zake kuliko za Mjomba, kwa hiyo nisikilize. Zote zina vitundu ndani ambavyo macho hayavioni, na humo ndimo maji yanamojificha. Za kioo vitundu vyake ni vyembamba mno. Hazibebi mengi, lakini zinayashika kwa nguvu, na hata hewa ikiwa imebaki na unyevu kiduchu bado zitautafuta. Za maziwa vitundu vyake ni vipana. Zinabeba mengi ajabu hewa ikiwa imelowa, ila hewa ikianza kukauka zinalegea, zinaona kazi imekwisha. Ni kama wageni wawili. Mmoja sinia likijaa anakula kwa mikono miwili, likibaki makombo anafuta mdomo anaondoka. Mwingine hali sana, lakini anakomba mpaka sufuria inang'aa. Kabatini kwenye nguo, au kwenye sanduku kubwa lililovuja, hao wa maziwa nitawapokea kwa furaha, maana ukiwapasha joto kidogo tu wanatoa maji yote na unaanza upya. Ndani ya dumu la mbegu ya kitunguu nataka mkomba sufuria.

Sisi tukazishindanisha kwenye sahani wazi, jikoni, wakati wa mvua. Mbegu haikai kwenye sahani jikoni. Hapo ndipo tulipoharibu, na wewe ukagonga muhuri.

Na za buluu? Hizo tungezitumia vizuri zingetuokoa. Ni ndugu wa za kioo, wametiwa rangi ya kukuambia: zikiwa kavu buluu, zikishiba waridi. Ungetia chache ndani ya kifuko juu ya mbegu, ukichungulia unajua kama dumu linalia. Lakini Mjomba alipoona zimegeuka waridi alitaka zirudi buluu siku hiyohiyo. Akazitia kwenye kikaango, akachochea moto mkubwa. Kwanza zikarudi buluu kweli, akatuita wote tushuhudie. Mwenye akili angeepua. Yeye akaongeza kuni. Zikawa nyeusi, zikapasuka, moja ikaruka ikampata kwenye paji la uso, na hadi leo hazinywi chochote, zimekuwa kokoto. Mfamasia aliponiambia ile rangi ya buluu si ya kuchezea karibu na chakula, nikatupa kikaango. Kikaango changu kizuri, Kitinda, kile cha mpini mrefu. Mjomba ananiambia angalau tumejifunza.

Sasa nimefika penye donda. Nilimwambia Mama. Sikumwambia kwa hasira, niliandaa maneno kabisa. Nilimwonyesha kisaa cha Nyuzi. Nilimpa mbegu mbili azing'ate, akakataa kufungua kinywa, mama mzima, kama mtoto anayekataa dawa. Nikaotesha mbegu kwenye vitambaa viwili vilivyolowa, kimoja cha kopo langu, kingine cha dumu lake. Changu kikaota karibu chote, kikasimama kama ndevu. Chake kikaota huku moja, kule moja, nyingine zikaota ukungu. Nikampelekea vyote viwili kwenye sinia. Akaviangalia kimoja kimoja. Halafu unajua alisema nini? "Mwenzio yuko huko zinakotoka hizo punje. Wewe umezijulia wapi?"

Niliwaka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mama yake, na yeye akanijibu ambayo mama hapaswi kumwambia mtu mzima mwenye binti anayemsikiliza. Tangu siku hiyo funguo za stoo anazifunga kiunoni, hata akienda kuoga.

Mimi ndiye ninayemkanda goti. Mimi ndiye ninayefungua duka, ninayebeba magunia, ninayepokea matusi ya mkulima ambaye hakumwagilia. Nikisema mvua inakuja, anatoka nje kuhakikisha. Wewe ukisema kwa simu kwamba jua linachomoza magharibi, atageuza kiti. Inaniuma, sitaficha. Na msimu wa kitalu umefika, wakulima wa bondeni wameshaanza kupita kuulizia, na Mama anawajibu mbegu ipo, njooni mwezi ujao, huku ndani ya madumu inazidi kufa.

Kwa hiyo ninachotaka kwako ni kitu kimoja. Chukua simu umpigie, usingoje Jumapili. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, "Mama, nilikosea. Toa za maziwa, tia za kioo, na uzikaushe kwanza kwenye joko la mwoka mikate moto ukishatulia." Basi. Ukimaliza, unaweza kunicheka upendavyo.

Hapo juu niliandika wiki mbili zilizopita. Leo naendelea kwa kalamu nyingine, na kwa moyo mwingine, na nilitaka kuichana hiyo yote lakini nimeona uisome tu, umesababisha.

Nilipokuwa naandika pale kaunta, mchana, duka halina mtu, Mama alitoka ndani akasimama nyuma yangu.

"Unamwandikia nani?"

"Mwanao."

"Unamwambia nini?"

"Namwambia ukweli, kwa kuwa wewe hutaki kuusikia." Nikaanza tena, mbegu, dumu, kisaa, sauti juu. Hakunikatiza. Alivuta kigoda, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akangoja niishiwe na pumzi.

"Kwani unadhani sijui?" akasema. "Nimeuza mbegu kabla hujazaliwa. Niliing'ata ile mbegu kitambo, kabla yako wewe. Ilikuwa imelainika."

Kitinda, niliiweka kalamu chini. Nikamuuliza kama ni hivyo mbona ametufanyia haya, mbona amenivunjia heshima mbele ya binti yangu kwa jambo analojua ni kweli.

"Kabla hajaleta hizo punje," akaniuliza, "alikuwa anapiga simu lini?"

Nikafikiri. Nilifikiri kwa nia njema kabisa, nilitaka kukutetea. Nikakumbuka mtoto alipozaliwa. Zaidi ya hapo sikukumbuka.

"Sasa anapiga kila Jumapili," akasema. "Anauliza zimekunywa kiasi gani, zimebadilika rangi, nimezigeuza. Namjibu. Tukimaliza za punje ananiuliza nimekula nini. Ananiambia mtoto kaota jino. Juzi kaniwekea mtoto acheke kwenye simu. Nikimwambia punje zake zimeniulia mbegu, ataona haya. Namjua yule. Akiona haya anajificha. Alipoachishwa ile kazi ya kwanza, tulimsikia baada ya muda gani? Mimi sina umri wa kungoja hivyo tena. Mbegu nitapanda nyingine."

Nikamwambia hatapata ya kupanda, kwa sababu ameiua.

"Si unalo kopo lako?" akasema. "Kwani nilikugawia ya nini? Nilijua nikikuambia tia za maziwa, wewe utatia zingine."

Hapo nikacheka bila kupenda, na nikalia, vyote kwa pamoja, pua inatiririka mbele ya duka. Halafu nikamuuliza kitu ambacho nadhani nimekibeba kwa muda mrefu. Nikamuuliza, "Na mimi je, Mama?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua ni nini. "Wewe upo," akasema. "Wewe nakusikia hata nisipotaka."

Nimeyawaza maneno hayo wiki hizi mbili. Kuna wakati yananikera, kuna wakati nayaona ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Bado sijaamua.

Akafungua funguo kiunoni akanipa. Tumeshinda stoo tangu siku hiyo, mimi na yeye na binti yangu, Mjomba tumemweka mlangoni asiguse kitu. Tumemwaga madumu yote. La chini kabisa halina uhai, tumelitupa. Mengine tumeotesha kidogo kidogo kuona, na yenye dalili tumeyahamishia kwenye za kioo zilizokaushwa jokoni taratibu. Za maziwa hatukuzitupa. Binti yangu amezishonea vifuko, ameviweka kabatini kwenye mablanketi, na kwa mara ya kwanza wakati wa mvua blanketi langu halinuki. Kwa hiyo usiseme sikutambua wema wako.

Lakini msimu huu hatuuzi. Zilizopona na za kopo langu tunapanda wenyewe zote kwa ajili ya mbegu, na vitunguu vitapita tena kwenye kichanja kama zamani. Mama amewaambia mwenyewe wakulima wa bondeni. Mmoja alipiga meza, akasema atatafuta kwingine. Mama akamwambia mbegu ililowa, kosa ni lake, mvua zilikuwa kali. Hakutaja punje. Alisimama pale na goti lake, mwanamke ambaye hakuwahi kuuza mbegu mbovu maisha yake yote, akalibeba jina baya ili lisikufikie wewe.

Mdogo wangu, nafuta ombi langu la mwanzo. Usimpigie kumwambia umekosea, kwa kuwa atajua nimekuambia, na hapo atanifinya mimi. Wala usione haya, nakusihi, nakupigia magoti. Ukiona haya utanyamaza, na ukinyamaza tutakuwa tumepoteza mbegu bure. Nina hasira nawe bado, lakini hasira yangu utaikuta hapahapa ukija, haina haraka. Piga Jumapili kama kawaida. Na ikiwa punje zimekwisha maneno, muulize mvua. Muulize goti. Muulize chochote, hata kitu cha kipuuzi, unao uwezo huo.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asimbebe mtoto mgongoni muda mrefu, mgongo haurudi. Mbusu mtoto kwenye hilo jino jipya kwa niaba ya shangazi yake. Mjomba anasalimu na anauliza kama hapo ghalani kuna aina ya nne, usimjibu. Binti yangu anakusalimu na kuomba viatu, na safari hii viwe vya saizi yake. Nyuzi naye anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana.

Na Mama anakusalimu mno. Ameona bado naandika, ameniagiza nikuambie kwamba punje zako zinafanya kazi vizuri sana, na kwamba kuna jambo kidogo hajalielewa kuhusu zile za buluu, kwa hiyo ukipata nafasi umpigie umweleze.

Mungu akutunze huko uliko, akulinde na kikohozi, akuoneshe mtoto wako akikua na asikae mbali nawe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Mwenye Maneno